Shekhar Mehta na Plagi Sita za Datsun

Kamati ya Umoja wetu iliponiandikia barua kuniomba makala kwa ajili ya gazeti hili la mkutano, ilinitaka nieleze maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye wadogo zetu walioko madarasani wangefaidika kumjua. Nilijua kwamba wenzangu watawaandika viongozi, washairi na walimu wakuu, na hao wote wanastahili. Mimi nimemchagua dereva. Jina lake ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, bingwa mara 5 wa mashindano ya magari ya Safari. Sababu za kumchagua ni mbili. Ya kwanza ni marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa Serikali na mkazi wa Temeke, ambaye kwake Pasaka bila habari za Safari katika redio haikuwa Pasaka kamili. Ya pili ni plagi 6 nilizozinunua mwenyewe kwa ujuaji wangu, nikamwunguzia mwenzetu mmoja injini. Habari hizi mbili zinahusiana, nami nitazieleza pamoja.

Wale wa kidato chetu wanamfahamu mwenzetu huyo, ingawa hapa sitamtaja kwa jina kwa kuwa hakuniruhusu. Nyumbani kwao Kinondoni, chini ya mwembe, palikuwa na Datsun 240Z aliyoiacha baba yake. Tukiwa wanafunzi tulikuwa tukienda kuiangalia siku za Jumamosi kama watu waendao kuzuru kaburi. Lilikuwa gari la watu 2 tu, pua ndefu, mgongo umeteremka kama wa duma anayenyatia, na chini ya boneti injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta 2. Wajapani walilitoa gari hilo hadharani mwaka 1969. Wakati ule lilikuwa halitembei. Mwenzetu alipopata kazi nzuri akaapa kulifufua, na kweli akalifufua, kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Siku lilipokaribia kuwaka, kazi moja ndogo akanikabidhi mimi: kutafuta plagi.

Baba yangu ndiye aliyeniambia kwamba gari la namna hiyo ndilo Mehta alilolishindia Safari mwaka 1973. Yeye hakuwa na gari hata moja katika maisha yake. Aliendesha ya Wizara. Lakini aliyajua magari ya Safari na madereva wake kama vile wengine wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Dereva mwenye fujo barabarani alimwita Joginda, kwa jina la Joginder Singh wa Kericho, mshindi wa 1965, 1974 na 1976. Hilo lilikuwa tusi la mapenzi. Mehta hakumtumia kwa matusi. Alipotaka kumsifu dereva mwenzake aliyerudi kutoka safari ya Songea na gari zima, bila pancha wala springi kukatika, ndipo alipomlinganisha na Mehta.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni, 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa nchini Uganda. Hakuwa mtoto wa shida, na si vyema kumpamba kwa umaskini asiokuwa nao. Alianza mashindano ya magari akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Vijana wengi wenye uwezo walianza hivyo hivyo, na wengi waliishia mitaroni pamoja na magari ya baba zao. Yeye aliendelea.

Hapa yafaa nieleze Safari ilikuwa kitu gani, kwa kuwa wadogo zetu wanaijua hii iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, inayokimbiwa Naivasha katika vipande vifupi vilivyofungiwa njia. Ile ya zamani ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na mpaka mapema miaka ya 1970 ilivuka mipaka ya nchi zetu. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita kwa siku chache, mchana na usiku, katika barabara zile zile zenye mabasi, ng'ombe, watoto wa shule na tembo. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika; ukichelewa dakika, umeandikiwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Nayo iliwekwa wakati wa Pasaka, yaani masika, ili tope lisikosekane. Sisi Tanzania tulikuwa na fahari yetu humo: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Dar es Salaam, aliishinda mara 2 mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404.

Sasa fikirini injini katika njia kama hiyo. Asubuhi iko Mombasa, usawa wa bahari, hewa nzito na joto. Baadaye iko juu Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako hewa ni nyepesi na baridi inauma. Injini ya kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kipimo kilichowekwa na fundi. Ipande mlimani, hewa inapungua lakini petroli haipungui sawasawa, na mchanganyiko unakuwa na petroli mno. Nguvu zinashuka, kiasi cha sehemu 1 katika 10 kwa kila mita 1,000, na moshi mweusi unaanza kuipaka plagi masizi. Halafu ishushe tena tambarare, uikanyage saa 2 bila kuachia, na sasa hatari ni ya upande wa pili: plagi inapata moto kupita kiasi. Fundi wa gari la mbio anachagua plagi moja itakayoivumilia hali hizi zote mbili, au anakaa njiani na spana mkononi kuibadilisha.

Plagi, wadogo zangu, si kitu cha kutoa cheche tu. Ina kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kuhamisha joto. Ncha yake imo ndani ya moto wenyewe, na joto hilo lazima litoke kupitia kigae cheupe, liingie katika chuma cha kichwa cha injini. Kigae kikiwa kirefu ndani, joto linachelewa kutoka, ncha inabaki na moto; hiyo mafundi huiita plagi ya moto. Kigae kikiwa kifupi, joto linakimbia upesi. Hiyo ni plagi ya baridi. Cheche ni ile ile. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nikiwa wa kwanza, kudhani kwamba plagi ya moto inatoa cheche kali zaidi na kuongeza nguvu. La hasha. Ncha ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi za sentigredi haiwezi kujisafisha, masizi yanaganda, gari linamisi. Ikipita nyuzi 850 hivi, inageuka kuwa kaa la moto na kuiwasha petroli kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo plagi njema inapokaa.

Na kama kwamba shida hiyo haitoshi, watengenezaji hawakuafikiana juu ya namba. Katika NGK ya Japani, namba inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa ya baridi. Katika Champion ya Marekani ni kinyume, namba kubwa ni ya moto. Bosch ya Ujerumani zamani ilihesabu kwa namna moja, kisha ikageuza. Mtu aliyesoma kitabu cha mmoja akaenda dukani kununua za mwingine anaweza kupotea kabisa akiwa na uhakika kamili.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma kijitabu kimoja cha Champion, nikashika kwamba namba kubwa ni ya moto, na kichwani mwangu moto ulikuwa ndio nguvu. Nikaenda Gerezani, nikapewa NGK namba 6, ndiyo inayotajwa kwa injini ile, BP6ES, ambapo B ni upana wa uzi milimita 14, P ni ncha iliyotokeza, E ni urefu wa uzi milimita 19. Nikairudisha. Nikataka namba 9. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na digrii, nilikuwa na hakika.

Tuliliwasha gari Kinondoni mbele ya majirani, likanguruma vizuri sana. Likatoka, likafika Magomeni, likaingia katika foleni ya Barabara ya Morogoro. Baada ya nusu saa ya kusimama na kusogea lilianza kukohoa. Kabla ya kufika Ubungo lilikuwa linakwenda kwa silinda 3. Tulivutwa na lori la mchanga kurudi nyumbani, na watoto wakishangilia njia nzima.

Turudi kwa Mehta. Mwaka 1971 kampuni ya Datsun ilileta Safari 240Z kwa mara ya kwanza. Aliyeshinda ni Edgar Herrmann, aliyekuwa ameshinda pia mwaka uliotangulia kwa Datsun 1600. Wa pili, kwa gari la aina hiyo hiyo, alikuwa Mehta, kijana wa miaka 25. Kwa hesabu za kawaida mwaka uliofuata ungekuwa wake, lakini 1972 ilishindwa na Hannu Mikkola wa Finland kwa Ford Escort, na yeye ndiye dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari.

Mwaka huo huo lilimpata Mehta jambo kubwa kuliko kushindwa mashindano. Mwezi wa Agosti, 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Walioondoka walikuwa makumi ya maelfu. Waliacha nyumba, maduka, viwanda, na makaburi ya wazee wao. Familia ya Mehta nayo ikatoka, ikahamia Kenya. Baba yangu aliniambia kwamba siku hizo Temeke watu walizungumza sana juu ya mambo ya Uganda, wengine wakiwahurumia Wahindi na wengine wakisema waende tu. Yeye mwenyewe alikuwa na swali lake dogo la kidereva: je, yule kijana wa Datsun, mtoto wa Kampala, ataandikishwa kuwa mtu wa wapi? Sikulielewa swali hilo nilipokuwa mdogo. Leo, baada ya miaka mingi ya kukaa katika meza ya Serikali nikipokea fomu zenye mstari wa uraia na mahali pa kuzaliwa, nalielewa.

Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya Aprili 1973, Mehta alikuwa tena nyuma ya usukani wa 240Z, na msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Safari ya mwaka huo ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia, ulioanza mwaka huo huo, kwa hiyo walikuja wakubwa wa Ulaya na magari yao. Masika yalifanya kazi yake. Magari yalizama, yalipinduka, yalivunjika. Mwisho wa yote, vitabu vilipofungwa, Mehta alikuwa na adhabu sawasawa, dakika kwa dakika, na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye alikuwa katika Datsun, aina ya 180B. Baada ya maelfu ya kilomita, hakuna tofauti! Ikabidi kanuni itumike: aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ndiye mshindi. Mtu huyo alikuwa Mehta.

Jambo hili lilimpendeza mno baba yangu, na kila alipolisimulia alilirefusha. Alisema kwamba watu hudhani mbio hushindwa mwishoni, mahali penye bendera na picha, kumbe Mehta alishinda zile za 1973 katika kilomita za mwanzo, wakati kila mtu bado ana nguvu na hakuna anayeangalia. Mimi naongeza la kifundi. Gari lililofika mbali bila kuchelewa hata dakika ni gari lililokuwa linawaka vizuri tangu kituo cha kwanza, silinda zote 6, baharini na mlimani.

Kuanzia 1974 Safari ilibaki ndani ya Kenya peke yake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977. Kwa Mehta miaka hiyo ya katikati haikuwa na ushindi wa Safari; gari liliharibika, au mwingine alikuwa na zamu yake. Nitaipita haraka, kama yeye alivyolazimika kuipita.

Kisha ikaja miaka 4 ambayo haikupata kutokea tena. Mwaka 1979 Mehta, sasa pamoja na msoma ramani Mike Doughty, alishinda kwa Datsun 160J. Nyuma yake alikuwa Mikkola yule yule wa 1972, safari hii katika Mercedes 450 SLC, gari zito la fahari lenye injini ya lita 5 na silinda 8. Datsun 160J kwa sura ni gari ambalo afisa wa wilaya angeweza kupewa. Silinda 4 tu. Mwaka 1980 akashinda tena, na wa pili wake Rauno Aaltonen wa Finland, bingwa mkubwa ambaye aliitafuta Safari kwa miaka na miaka asiipate. Mwaka 1981 akashinda kwa Datsun Violet, na Aaltonen akawa wa pili tena. Mwisho wa mwaka huo Mehta alihesabiwa wa 5 katika ubingwa wa madereva wa dunia nzima. Mwaka 1982, akiwa bado na Violet, alimshinda Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo ndiye aliyetawazwa bingwa wa dunia. Mfululizo mara 4, na ukiongeza ile ya 1973, mara 5. Baadaye Carl Tundo wa Kenya alifika naye idadi ya ushindi 5, lakini mara 4 kwa mfuatano hakuna mwingine aliyepata.

Mimi nilizaliwa mwaka huo wa 1982, na baba alitaka kuniita Shekhar. Mama alikataa, nadhani kwa haki.

Mtu atauliza siri ilikuwa nini. Wapo waliokuwa na kasi kuliko yeye, na mbele ya Röhrl au Mikkola katika barafu ya Ulaya hakuwa tishio kubwa. Lakini Safari haikuwa kipimo cha kasi tupu. Ilikuwa kipimo cha kujua wakati wa kukanyaga na wakati wa kuachia: mahali pa mawe upunguze ili uhifadhi springi, mtoni ushuke uangalie kina, tambarare ulipize. Waliokuja na hamu ya kuonyesha nguvu za magari yao waliziacha nguvu hizo njiani pamoja na magari. Kama kazi yetu ya plagi inavyofanya, alikaa katikati ya mipaka miwili, si baridi ya kujaa masizi wala moto wa kutoboa. Nayasema haya nikijua kwamba ni mfano wa mtu aliyetoboa.

Maana mimi baada ya aibu ya Ubungo sikujifunza. Mwenzetu alilipeleka gari Temeke, kwa mzee mmoja fundi wa Chang'ombe ambaye elimu yake ya shule iliishia darasa la 7 na elimu yake ya Datsun haina mwisho. Tulimwamkia, akafungua plagi zote 6 akazipanga juu ya gazeti. Zote nyeusi kavu, kama masizi ya sufuria. Akaeleza kwamba plagi ni ulimi wa injini: ikiwa na rangi ya kahawia ya biskuti, injini ni nzima; nyeusi kavu, plagi ni baridi au petroli imezidi; nyeusi yenye mafuta, ringi zimechoka; nyeupe yenye vipele, kimbia. Akasema turudishe namba 6, na akaondoka kwenda kuswali.

Nami nikafikiri: ikiwa 9 ni baridi mno, basi dawa ni kwenda mbali nayo kadiri iwezekanavyo, ili foleni isitusumbue tena. Nikanunua namba 4. Fundi hakuwepo nilipozifunga. Nilizifunga mwenyewe, kwa nafasi sahihi ya milimita 0.8 niliyoipima kwa geji, nikajisifu. Foleni ya Magomeni tuliipita kama wafalme. Jumapili moja tukatoka, mimi na mwenzetu, mpaka Kibaha, tukapita Mlandizi, na huko njia ilipokuwa nyeupe tukaenda mwendo ambao mtumishi wa umma hapaswi kuuandika katika gazeti la shule. Karibu na Chalinze niliisikia injini ikigonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Mwenzetu alitaka kusimama. Mimi nikamwambia ni petroli mbaya, aendelee. Dakika 5 baadaye moshi wa buluu ulitoka nyuma na gari likafa. Pistoni ya silinda ya 5 ilikuwa na tundu linaloweza kupitisha kidole.

Gari lile lilikaa miezi 14 chini ya turubai, chini ya mwembe ule ule. Pistoni zake hazipatikani kwa urahisi hapa. Iliagizwa seti nzima kutoka nje, nami nililipa nusu, ingawa mwenzetu hakunidai. Asichonidai ndicho kilichoniuma. Alikuwa akipokea simu zangu kwa adabu, akazikata kwa adabu. Mkutano wetu mmoja ulipita tukiwa tumekaa meza mbalimbali.

Katika miezi hiyo ndipo nilipomsoma Mehta sawasawa, nikitafuta pa kuficha uso. Nilikuta kwamba naye, pamoja na uangalifu wake wote, hakuepuka. Alikuwa ameendelea na mashindano katika miaka ya 1980, akiwa na Nissan na kisha Peugeot, na katika mbio za nje mara nyingi msoma ramani wake akiwa mkewe, Yvonne. Mwaka 1987, katika mbio za Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya jangwani. Aliumia vibaya sana, na hapo ukawa mwisho wake wa kushika usukani wa mashindano. Alikuwa na miaka 42.

Wengi wangekaa nyumbani na vikombe vyao. Yeye aliingia katika uongozi wa mchezo wenyewe, na akafika kuwa mwenyekiti wa kamati ya mbio za magari ya shirikisho la dunia, FIA. Mtoto wa Kampala aliyepewa siku 90 akawa mmoja wa wanaoamua mashindano ya dunia yaendeshwe vipi na wapi. Hata hivyo alishuhudia Safari ikipoteza nafasi yake katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, naye hakuishi kuiona ikirudi. Alifariki London tarehe 12 Aprili, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Mimi nilikuwa Mlimani, nikikaribia mitihani. Baba alinipigia simu kutoka kwa jirani, maana yake ilikuwa imeibwa ndani ya daladala, akanipa habari kama mtu anayearifu msiba wa ukoo. Nakumbuka nilimjibu kwa haraka kwamba nina kazi ya kuandika. Aliniambia basi endelea, mwanangu, na simu ikakatika. Yeye naye alimfuata Mehta miaka 3 baadaye.

Injini ilipokwisha kufungwa upya, mwenzetu alinipigia simu mwenyewe. Hakusema mengi, aliniambia nije Chang'ombe siku ya Jumamosi na nije na plagi. Nilikwenda Gerezani nikanunua BP6ES, 6, nikazikagua moja moja, maana siku hizi za bandia ni nyingi: niliangalia maandishi juu ya kigae kama hayafutiki kwa kidole, uzi kama umekatwa safi, ncha kama imekaa katikati. Muuzaji alitaka kuniuzia zile za iridiamu zenye ncha nyembamba kama sindano. Ni nzuri, zinadumu, lakini namba ya joto ndiyo ya kwanza kuangaliwa, na bei yake katika injini ya mzee huyu ningeipeleka kwenye waya mpya za plagi. Ndivyo nilivyofanya.

Fundi alizipokea, akazipima kwa jicho, hakusema kitu. Alizianza kwa mkono zote, mpaka zikakaa, ndipo akashika spana. Kisha akanipa spana hiyo mimi, na akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza ya 6.

Tulikwenda Chalinze na kurudi. Tulipofika Temeke akaifungua ile ya silinda ya 5, akaiweka juu ya gazeti. Ilikuwa ya kahawia. Siku ya mkutano gari litakuwa uwanjani mbele ya maabara, na wanafunzi watakaotaka kuangalia chini ya boneti wamwone mwenzetu. Funguo ya plagi iko kwangu.